Mizizi Minne ya Rabiga

Almati, 6 Januari 1998

Binti yangu Kamshat,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kuuonea mzizi huruma. Wanaupokea katikati ya majira ya baridi, wanauona mkavu, umekunjamana, hauna hata jani, wanadhani umeteseka njiani. Basi wanaupa joto. Mzizi hautaki joto. Mzizi umelala, na mtu hamwamshi aliyelala ili amuulize kama amelala vizuri.

Nimeipata oda yako ya mizizi mitatu ya maua ya peoni, ya rangi ya waridi. Sitakutumia hiyo. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua.

Shamba langu la maua hapa mlimani, nililolitunza miaka thelathini na moja, limeuzwa na wenye ardhi. Udongo ukilainika mwezi wa Machi watachimba msingi wa nyumba. Nimeng'oa kila kitu tangu Oktoba na kukilaza kwenye mchanga, katika stoo ya chini ya jirani, naye anaitaka stoo yake mwisho wa mwezi huu. Mimi mwenyewe sasa nakaa kwa binti yangu, ghorofa ya nne. Karibu mimea yote nimeshaigawa. Imebaki mizizi minne ya peoni nyeupe ambayo haimo katika orodha uliyoiona.

Niliipanda kwa mbegu mwaka 1967. Ilichanua mwaka wa sita. Mke wangu ndiye aliyeliona ua la kwanza, mimi nikiwa darasani nafundisha mimea ya watu wengine. Nikaipa jina lake, Rabiga. Mke wangu amefariki miaka minne sasa. Ua hili sikupata kumpa mtu yeyote, na huo ni uchoyo wa mwalimu, siupambi. Matokeo yake ni kwamba halipo kokote duniani isipokuwa katika mizizi hii minne.

Kwa nini wewe? Kwa sababu peoni inataka baridi ndefu. Hapa kwetu baridi siku hizi huja na kuondoka kama mafua. Kwenu inakaa. Na kwa sababu chini ya oda yako uliandika, "Udongo wetu huganda mita moja na nusu kwenda chini, je, mmea utastahimili?" Watu arobaini wameniandikia mwaka huu. Wote wameuliza rangi. Wewe peke yako umeuliza udongo.

Sitaki malipo. Nataka kitu kimoja: baada ya vuli nne, utakapoigawanya mizizi, unirudishie kipande kimoja. Nina miaka sabini na sita. Usipige hesabu hiyo, nimeshaipiga mimi.

Sanduku limeondoka leo asubuhi na kondakta wa treni ya Petropavl, limezungushiwa blanketi zito la sufu. Barua hii naituma kwa posta, kwa sababu mambo ya kueleza ni mengi na treni haingoji. Sasa nisikilize vizuri. Ukilipata sanduku, lifungue mara moja tu, uione mizizi, ufunike. Mchanga wake uwe na unyevu wa kiasi hiki: ukiukamata mkononi na kuubana, ushikane, lakini usitoe tone. Liweke pale mnapohifadhi viazi, upande ulio baridi zaidi, mbali na matofaa, kwa maana matofaa yakiiva hutoa pumzi inayoamsha mizizi. Kipimajoto kisome kati ya sifuri na tatu. Kila Jumamosi uangalie. Ukiona ukungu mweupe, ufute kwa kitambaa kikavu na majivu kidogo. Ukiona mzizi umenywea, nyunyiza mchanga, usiunyunyizie mzizi. Macho ya mzizi, yaani yale machipukizi mekundu kichwani, yabaki madogo kama punje ya ngano mpaka mwezi wa Mei. Yakibaki hivyo, tumeshinda.

Zeynolla Baitasov

*

Sarytogan, 27 Januari 1998

Dada Raushan,

Nimeharibu kitu cha watu. Nakuandikia wewe kwa sababu nikimweleza mtu yeyote hapa, kufika jioni kijiji kizima kitakuwa kimejua.

Nilikuambia nimeagiza maua kutoka Almati. Sanduku lilifika Januari kumi, mimi nikiwa Petropavl kwenye semina ya walimu. Sapar alilichukua kwa kondakta, akalileta nyumbani, akamkabidhi mama yake, akarudi kazini relini. Barua ya maelezo haikuwemo. Ilikuja kwa posta, na unajua dhoruba ilivyofunga barabara. Imenifikia jana.

Mimi nilirudi siku moja kabla yake. Nafungua mlango, naona sanduku tupu kando ya viatu. Nainua macho: mizizi minne imelazwa mahali pa mgeni wa heshima, mkabala na mlango, juu ya lile godoro la hariri la arusi yangu, hatua mbili kutoka kwenye jiko la makaa. Imefunikwa shali.

Nikasema, "Ene, hiki nini?"

Mama mkwe akaniangalia kama mtoto mjinga. "Wageni wako wa Almati. Siku nne njiani, baridi ya nyuzi thelathini! Hata mbwa ningemkaribisha ndani."

"Wamelala hapo tangu lini?"

"Tangu walipofika. Ulitaka niwaweke mlangoni, watu waseme nyumba hii haijui mgeni? Wamefurahi. Tazama walivyonona."

"Umewapa maji?"

"Ya uvuguvugu. Chai ina maziwa, sikutaka kuwadhuru."

Dada, wageni wamenona kweli. Macho yao yana urefu wa njiti ya kibiriti, mekundu, yanang'aa. Nilifikiri ni dalili njema mpaka barua ya mzee ilipofika. Anasema yawe kama punje ya ngano hadi Mei! Na mzizi mmoja umelainika chini, unanuka kama maziwa yaliyochacha.

Kibaya zaidi ni hiki: mizizi hiyo ni ya mwisho. Ua hilo limepewa jina la mkewe marehemu, na halipo kwingine kokote. Amenipa mimi kwa sababu niliuliza swali moja la udongo.

Nimeiteremsha kwenye shimo la viazi chini ya jikoni. Kipimajoto kinasoma tisa. Tunachoma makaa usiku na mchana, hata viazi vimeanza kuota ndevu. Mama mkwe ameniuliza kwa nini nimewafukuza wageni. Nimemwambia wamechoka na kelele. Wajua mwenyewe, mkamwana haongezi neno.

Kamshat

*

Karaganda, 3 Februari 1998

Kamshat, malkia wa kunyamaza,

Nimecheka mpaka watoto wakaja kuniangalia. "Wamechoka na kelele"! Miaka minane umeolewa, hadi leo jina la mavyaa wako hulitamki, na sasa umeanza kuisemea mizizi. Halafu nikaacha kucheka, maana nakujua. Utamwandikia yule mzee kwamba mambo ni mazuri. Usifanye hivyo.

Mwambie ukweli: mama mkwe aliiweka jikoni, mimi sikuwepo, barua ilichelewa. Mistari mitatu. Mzee wa watu atasikitika, atalala, ataamka. Kuna aibu gani hapo? Hukuua mtu.

Najua utasema nini. "Siwezi kumwaibisha mama wa nyumba hii mbele ya mgeni." Basi endelea kumfunika shali na yeye.

Sisi wazima. Mwanangu mdogo ameng'oka jino.

Raushan

*

Sarytogan, 5 Februari 1998

Mheshimiwa Zeynolla aga,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sanduku lilifika salama na barua pia. Mizizi nimeiweka penye viazi, kipimajoto kinasoma mbili. Macho ni madogo. Naangalia kila Jumamosi kama ulivyoelekeza. Usiwe na wasiwasi wowote.

Nakushukuru kwa kuniamini.

Kamshat

*

Almati, 16 Februari 1998

Binti yangu Kamshat,

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ni fupi na nilitaka inichukue muda.

Hapa joto limekuja mapema. Hawakungoja Machi. Juma lililopita tingatinga lilipanda mlimani, nami nikaenda kutazama, jambo ambalo binti yangu alinikataza na alikuwa na haki. Lilipita palepale ilipokuwa safu ya peoni nyeupe. Dereva, kijana mwenye adabu, alizima mashine akaniuliza, "Babu, umesahau kitu humu?" Nikamwambia hapana, kitu changu kiko Petropavl, kwenye baridi ya nyuzi mbili. Akaniona nimechanganyikiwa. Lakini nilishuka mlima bila maumivu ya kifua, na kwa hilo nakushukuru wewe.

Sasa tufanye kazi. Wiki sita zimepita, ni wakati wa ukaguzi wa kweli. Niandikie: kila mzizi una macho mangapi, na rangi yake ni ya waridi iliyopauka au nyekundu ya damu? Ukiubonyeza mzizi kwa kidole gumba, unajibu kama karoti au kama kiazi kilichochemshwa? Na unanuka nini? Mzizi mzima hunuka udongo na pilipili kwa mbali. Kama husikii harufu yoyote, vua shungi, sogeza pua.

Naomba usiniandikie "nzuri". Nilisahihisha madaftari miaka arobaini. Mwanafunzi aliyetazama mmea huandika vitu vya ajabu. Ambaye hakutazama huandika "nzuri".

Zeynolla

*

Sarytogan, 24 Februari 1998

Zeynolla aga,

Niliyoyaandika mara ya kwanza si kweli. Mizizi ilikaa siku kumi na tano karibu na jiko, kwenye joto la nyuzi ishirini na tano, ikamwagiwa maji ya uvuguvugu. Kosa ni langu. Shimo letu la viazi si nyuzi mbili, ni tisa, na leo kumi.

Umetaka nitazame, nimetazama. Mzizi wa kwanza ulikuwa na macho matano. Ulioza wote, ukawa kama kiazi kilichochemshwa, nikautupa Februari tisa. Imebaki mitatu: mmoja una macho matatu, wa pili manne, wa tatu mawili. Yote ni mekundu ya damu, na lililo refu limefikia kidole changu cha kati. Lina jani limejikunja kichwani kama ngumi ya mtoto mchanga. Mizizi yenyewe bado inajibu kama karoti, ila ule wenye macho mawili una doa jeusi ubavuni. Inanuka udongo. Pilipili sijaisikia.

Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Ndani ni joto. Hapa kwetu hakuna cha katikati. Nisamehe, au usinisamehe, lakini niambie la kufanya.

Kamshat

*

Almati, 4 Machi 1998

Kamshat,

Nilikaa siku moja bila kujibu, ili nisikujibu kwa hasira. Hasira ilikuwepo. Sasa imepungua, tufanye kazi.

Mzizi ulioamka hauwezi kulazwa tena usingizi uleule. Lakini unaweza kupunguziwa mwendo. Sasa hivi unakula akiba yake. Chakula kile kilichokusudiwa kuufikisha mwezi wa Mei unakitumia kurefusha machipukizi gizani. Kila siku ya nyuzi kumi ni kama siku nne za nyuzi mbili. Ukiendelea hivi, kufika Aprili utakuwa na majani marefu ya rangi ya maziwa, na chini yake ganda tupu. Kwa hiyo usikate machipukizi, kwa sababu utaulazimisha kutoa mengine na hauna cha kuyatolea. Usiupande kwenye kopo dirishani. Unachohitaji ni mahali pasipozidi nyuzi tatu wala kushuka chini ya tatu hasi, kwa miezi miwili. Nimefikiri sana wapi nyumbani kwako pangekuwa hivyo, nami nakiri sijui. Kizazi changu cha walimu hakijazoea kuliandika neno hilo.

Jambo moja bado linanisumbua. Mtu aliyeuliza udongo unaganda kwa kina gani hawezi kuweka mzizi kando ya jiko siku kumi na tano. Kuna mstari katika barua yako ambao haukai sawa. Sikulazimishi.

Zeynolla

*

Sarytogan, 13 Machi 1998

Kaka Zeynolla, salamu alaykum.

Mimi ni Batima, mama yake Sapar, mama mkwe wa Kamshat. Miwani yangu imevunjika, nasema mimi, anaandika yeye. Nimemwambia aandike neno kwa neno, asinipambe.

Jana alikuwa ananisomea barua yako. Alipofika mwisho akasoma haraka, macho yakaruka. Mimi nimemlea mume wake, najua jicho linaporuka. Nikasema, rudi. Akasema, Ene, ni salamu tu. Nikasema, rudi kwenye salamu hizo. Ndipo nikasikia kwamba kuna mstari haukai sawa.

Mstari huo ni mimi. Mizizi niliiweka mimi. Huyu hakuwepo, alikuwa mjini anafundishwa kufundisha. Sanduku lilikuja bila neno, limevishwa blanketi kama mtoto wa tajiri. Nyumba yangu haijapata kumketisha aliyetoka safari ndefu karibu na mlango. Ningejuaje kwamba kuna mgeni anayetaka kulala nje? Nilipoambiwa jana nilimgombeza sana huyu mkamwana. Nikamwambia, umenifunika mbele ya mtu wa watu kama mimi ni chungu kilichopasuka. Amelia, mimi nimelia, tumekunywa chai. (Andika, andika, chai tumekunywa.)

Sasa hilo swali lako la mahali pa katikati. Unamuuliza mtoto wa mwaka juzi! Mimi mahali hapo ninapo tangu niolewe. Ng'ombe wangu wanasimama kwenye ukuta wa kaskazini wa zizi. Upande wa ndani wao wanapumua, upande wa nje theluji inapanda mpaka kwenye paa. Katikati ya pumzi ya ng'ombe na theluji ndipo ninapoweka siagi, na nyama ya farasi tunayemchinja Desemba atulishe mpaka majani yatoke. Nyama pale haigandi ikawa jiwe, wala haiozi. Jua haliufikii ukuta ule. Majirani wakianza kupanda viazi, mimi bado nina theluji.

Hatukungoja ruhusa yako. Jana mchana nilimwagiza achimbe tundu la kimo cha kiuno karibu kabisa na ukuta. Kwanza tuliweka chupa ya maji humo. Leo asubuhi ilikuwa imefanya ngozi juu, nyembamba kama ya maziwa, chini maji matupu. Unajua hiyo ni nyuzi ngapi bila kununua kipimajoto. Tukaitia mizizi kwenye sanduku lake na mchanga wako, tukaizungushia lile blanketi la sufu, tukaishindilia theluji, juu yake majani makavu, juu kabisa samadi. Sasa ng'ombe wanaipulizia na kipupwe kinaikumbatia.

Kumwamsha mgeni najua. Kumlaza tena ni kazi ngumu, hilo nakubaliana nawe. Ikifa, nidai mimi, usimdai huyu.

Na wewe, kaka, unakula? Mtu anayeandika kurasa nyingi hivi hana wa kumpikia.

Batima

Aga, ni mimi Kamshat. Nimeandika kila neno kama alivyosema. Nilitaka kuondoa la mwisho, akakataa.

*

Almati, 20 Machi 1998

Batima, dada yangu, pamoja na Kamshat,

Nauruzi ni keshokutwa, basi kwanza nawatakia mwaka mpya wenye maziwa mengi.

Chupa ya maji! Nimefundisha uhifadhi wa mimea kwa vipimajoto vya zebaki maisha yangu yote, na hakuna mwanafunzi wala profesa aliyenionyesha kipimo hicho. Maji yaliyofanya ngozi juu na kubaki maji chini, hayo yapo kwenye nyuzi sifuri, na yatakaa hapo muda wote barafu na maji vikiwa pamoja. Ng'ombe wakitoa joto kidogo zaidi, barafu kidogo huyeyuka na sifuri inabaki sifuri. Baridi ikizidi, maji kidogo huganda, na sifuri inabaki sifuri. Ningeweza kueleza kurasa tatu zaidi, lakini Batima atauliza tena kama nimekula. Nimekula. Binti yangu anapika vizuri, tatizo ni ngazi.

Nimetafuta kosa lilianzia wapi. Si kwako, Batima. Uliipa heshima ya nyumba yako mizizi ambayo mwenyewe aliileta bila neno. Wala si kwa Kamshat, ingawa yeye na mimi tutaongea siku moja kuhusu neno "nzuri". Siku ile nilipolifunga sanduku nilikuwa na penseli sikioni. Ningeandika juu ya kifuniko maneno mawili, "Weka baridini", yangetosha. Lakini nilitaka kueleza. Nilitaka kuanzia mwanzo, nifike kwenye matofaa na pumzi yake. Basi nikapanda ghorofa ya nne, nikaandika mpaka mkono ukauma, nikaipa posta. Maelezo yangu yalikuwa sahihi kila mstari, na yalifika siku kumi na sita baada ya mizizi. Rabiga alikuwa akiniambia, "Zeynolla, mtu anazama, wewe unamfundisha majina ya mito."

Kwa hiyo sasa naandika kwa ufupi. Msiifukue kutazama. Kila mnapofukua, joto linaingia. Jumamosi zangu nazifuta. Acheni mpaka udongo wa bustani upokee sepetu nzima bila kugonga barafu. Hapo mniandikie.

Zeynolla

*

Sarytogan, 4 Mei 1998

Zeynolla aga,

Barua hii anakuletea kondakta yuleyule, utaipata keshokutwa jioni, au tarehe saba. Umekataza nisiandike "nzuri", basi naandika nilichokiona.

Theluji ya kijiji iliisha Aprili kumi na tisa. Ya ukuta wa zizi ilibaki. Kila siku nilikuwa natoka shuleni, napita kuitazama, nayo inapungua upande wa juu, inakuwa nyeusi, inatoa maji chini. Nilimwambia Ene, tufukue, itakuwa imeyeyuka ndani. Akasema, "Samadi yangu naijua. Mzee amesema acheni. Au leo wewe ndiye mama mkwe?" Jumamosi moja nilichukua koleo. Alitoka na fimbo yake, akaweka kigoda juu ya samadi, akakaa hapo anasokota sufu mpaka magharibi. Majirani walipita wakamuuliza anataga nini.

Leo nimeingiza sepetu bustanini na imezama hadi mwisho wake. Hakuna barafu. Sapar yuko likizo, amefukua yeye. Blanketi lilikuwa baridi na unyevu, chini yake theluji ya punjepunje kama chumvi ya mawe. Ene hakutaka kutazama. Alisimama mlangoni mwa zizi, mgongo kwetu, anamkemea ndama ambaye hakufanya kitu.

Mzizi wenye macho mawili umekuwa mweusi wote. Nimeuvunja, ndani ni uji. Ule wenye matatu ni mgumu, unajibu kama karoti. Lile chipukizi refu limekauka ncha, lakini shina lake bado ni jekundu, na mawili mengine hayakuongezeka hata kidogo tangu Machi. Nimeyapima kwa njiti. Wenye manne uko mzima wote, na pembeni umetoa vijizizi vyeupe vyembamba kama uzi wa Ene. Nikasogeza pua. Aga, pilipili nimeisikia.

Nikamwita, "Ene, miwili imepona." Akasema bila kugeuka, "Minne ilikuja." Halafu akaja, akapiga magoti, akaishika mmojammoja kama anavyoshika mayai ya bata, akaniuliza, "Marehemu alikuwa anaitwa nani?" Nikamwambia, Rabiga. Akasema, "Rabiga, tusamehe kwa lile jiko."

Sasa hatuelewani. Ene anasema tungoje baada ya tarehe kumi, kama viazi, kwa sababu usiku bado maji hufanya ngozi kwenye ndoo. Mimi naogopa, kwa sababu theluji imefukuliwa na kesho kutakuwa na nyuzi kumi na nane mchana. Sapar anasema tuwaulize ng'ombe. Tumerudisha mizizi kwenye sanduku, tumelifunika kwa theluji iliyobaki. Itatosha siku tatu, labda nne. Shimo liko tayari, nimeliweka mahali Ene anapoweza kuliona akiwa kwenye kigoda chake.

Tafadhali tupigie telegramu. Najua ni aghali kueleza. Neno moja linatosha.

Kamshat

*

TELEGRAMU

Almati, 7 Mei 1998, saa mbili asubuhi

Kutoka kwa Zeynolla, kwa Batima na Kamshat, Sarytogan

MACHO YAWE VIDOLE VIWILI CHINI YA UDONGO. PANDENI LEO.